Mpira upewe siku yake, nasi tuachiwe zetu

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 mabasi ya mikoani yaliingia Dar es Salaam yamejaa watu waliovaa jezi nyekundu na jezi za kijani na njano. Walitoka Mwanza, Mbeya, Dodoma, Tanga na kwingineko, wengine wamekesha njiani, wote wanakwenda kuwaona Yanga na Simba kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba walikuwa wameshatangaza kwamba hawachezi, wakisema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo jioni iliyotangulia. Siku hiyohiyo ya mechi, Bodi ya Ligi ikaiahirisha. Ikapangiwa tarehe nyingine mwezi Juni, tarehe hiyo nayo ikasogezwa, mpaka ikachezwa Jumatano ya tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0.

Nani alikosea na kanuni inasemaje, hilo limejadiliwa redioni na vijiweni mpaka likachosha, nami silirudii. Kilichobaki moyoni mwangu ni wale watu wa kwenye mabasi. Fundi cherehani aliyewaambia wateja waje Jumatatu. Mwenye duka aliyemwachia shemeji yake ufunguo. Mwalimu aliyeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na baba aliyemwahidi mtoto wa miaka minane kwamba safari hii atauona uwanja ule mkubwa kwa macho yake. Tiketi mtu anaweza kuidai. Nauli anaweza kuilalamikia. Siku yake hakuna wa kumrudishia, na katika vikao vyote vilivyofuata sikusikia kiongozi hata mmoja aliyeitaja siku ya shabiki kuwa ni mali iliyopotea.

Mimi ni mtu wa Coastal Union ya Tanga. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani naandika kwa niaba ya Simba wa Msimbazi au ya Yanga wa Jangwani. Timu yangu ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, na sisi Wagosi wa Kaya bado tunausimulia ubingwa ule kama jambo la juzi. Kwa hiyo kusubiri tunakujua. Kusubiri kunavumilika, mradi mtu ajue anasubiri siku gani.

Na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mpira ulikuja duniani kama jambo la siku ya mapumziko, ukapendwa kwa sababu ulikuwa na siku yake. Leo umeachiwa uingie kila siku na kila saa, hadi wenyewe umebaki hauna siku maalumu ya kuuheshimu. Shabiki anapoteza mara mbili: mechi kubwa haina tarehe ya kutegemea, na siku zake nyingine zote zimeliwa na mechi ndogo.

Tazama ulikotoka. Mechi ya kwanza inayojulikana kati ya klabu mbili, Sheffield na Hallam, ilichezwa Uingereza tarehe 26 Desemba 1860, siku moja baada ya Krismasi, watu wakiwa hawana kazi. Miaka 10 kabla ya hapo sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilikuwa imeagiza wanawake na vijana wa viwanda vya nguo wasifanye kazi kupita saa 8 mchana siku ya Jumamosi, na mashine zikisimama wanaume nao hutoka. Ndiyo maana mechi za Waingereza zilizoeleka kuanza saa 9 alasiri siku hiyo: mtu atoke kazini, apite nyumbani, ale, kisha aende uwanjani na wenzake. Ratiba ile ilitungwa kufuata maisha ya mfanyakazi. Hata kwao mambo yamegeuka. Desemba 2025, tarehe 26 ambayo vizazi vya Waingereza viliihesabu kuwa siku ya mpira, Ligi Kuu yao ilikuwa na mechi moja tu. Kalenda ilijaa mashindano mengine, sikukuu ikakosa nafasi.

Kwetu pia mpira ulifungamana na sikukuu. Zanzibar wana Kombe la Mapinduzi, linalochezwa Januari kuelekea kumbukumbu ya tarehe 12. Mtu wa Unguja hahitaji kuambiwa litakuwa lini, kama asivyohitaji kuambiwa Mwaka Kogwa wa Makunduchi huangukia Julai. Januari 2024 Mlandege waliifunga Simba 1-0 kwenye fainali ndani ya Uwanja wa Amaan, na raha ya usiku ule ilikuwa kubwa kwa sababu ulikuwa ndani ya sherehe yenyewe. Watu walikuwa wameshavaa, wameshapika, na wageni kutoka Bara walikuwa wameshafika.

Simba nao walifanya jambo la busara mwaka 2009 walipoanzisha Simba Day na kuiweka tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nanenane. Kwa miaka mingi, kila aliyesikia Nanenane alifikiria mambo mawili: mabanda ya maonyesho ya wakulima na jezi mpya ya Mnyama. Yanga wakaja na siku yao ya Wananchi mwaka 2019, na sasa mwanzo wa msimu una sherehe mbili ambazo familia nzima huhudhuria, na bibi aliyevaa kitenge cha rangi ya timu naye yumo. Nawapongeza wote wawili. Lakini siku hizi tarehe ya Simba Day huhama mara kwa mara. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 3 Agosti, mwaka 2025 ikasogea hadi Septemba. Najua kalenda ya CAF inabana, na Agosti 2025 tulikuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Bado nasema kwamba tarehe ikishakaa kwenye vichwa vya watu ni hazina ya klabu, na klabu haigawi hazina yake kirahisi.

Sasa twende kwenye siku za kawaida. Jumatatu kuna mechi ya ligi yetu. Jumanne na Jumatano kuna Ulaya, saa 4 usiku au saa 5 kutegemea majira ya kwao. Alhamisi kuna mashindano yao ya daraja la pili. Ijumaa Ujerumani, Jumamosi na Jumapili England kuanzia mchana hadi usiku, na katikati yake Hispania na Italia. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, na kwa kuwa televisheni inataka kila mechi ionekane, mechi zimetawanywa juma zima. Siwalaumu wenye televisheni kwa kutafuta watazamaji. Mkataba wa Azam wa mwaka 2021, wa miaka 10 na wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni, umezisaidia klabu zilizokuwa zikishindwa kulipa hata hoteli. Fedha hizo zina kazi yake. Ila kuna kitu mashabiki tumekitoa bila kuulizwa, nacho ni jioni zetu.

Niliona jambo moja mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, Idd ya pili, ambalo mpaka leo likinijia huniuma. Kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, kilikuwa kimejaa, joto limepanda, feni moja inazunguka pembeni na mabenchi yamebanana. Nje, pale mlangoni, alisimama mtoto wa kiume mwenye kanzu mpya na kofia ya kufumwa, mkononi ameshika noti zake za mkono wa Idd zilizokunjwa ndogondogo. Kila baada ya muda alichungulia ndani na kuita, "Baba, Raskazone tunakwenda?" Ndani baba yake alikuwa na simu mkononi, macho yanatoka kwenye skrini kubwa yanarudi kwenye ile ndogo. "Ngoja mapumziko, mwanangu." Mapumziko yakafika, akasema ngoja iishe. Ilipoisha ikaanza nyingine, na alikuwa ameziweka zote mbili kwenye mkeka wake wa kubeti. Wenzake yule mtoto walipita wanarudi kutoka baharini, nywele zimelowa, miguu ina mchanga. Jua likazama.

Yule baba si mtu mbaya. Namfahamu, ni mchapakazi, na wanawe anawapenda. Lakini mechi zile mbili hazikuwa za timu anayoipenda. Hakuwajua wachezaji wa timu zile hata nusu. Alikuwa pale kwa sababu ya ule mkeka, na mkeka hauna Idd wala Krismasi. Hapa nitasema wazi: kubeti ndiko kulikomnyang'anya shabiki wa Tanzania mapumziko yake kuliko kitu kingine chochote. Mtu aliyezoea kutazama mpira kwa ajili ya Coastal, au Simba, au Gor Mahia, mechi ikiisha hurudi nyumbani, akiwa na furaha au na hasira. Anayetazama kwa ajili ya mkeka hana pa kurudi, maana duniani kuna mechi inayochezwa kila saa. Sheria inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, na watoto wa darasa la sita mtaani kwetu wanajua odi za timu za Ubelgiji. Wazazi tunaliona hilo na tunacheka nao. Tuache kucheka.

Nikikumbuka enzi za redio naona tulikuwa na mapatano mazuri zaidi na mpira. Redio haikumfunga mtu kitini. Mechi ikitangazwa, fundi aliendelea kushona, mvuvi aliendelea kurekebisha nyavu, na mama aliyekuwa anakuna nazi uani alijua nani kapiga kona sawasawa na mumewe aliye barazani. Mwaka 2025 tuliwapoteza wawili waliotulea kwa sauti zao: Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki Februari, na Charles Hilary wa kwetu, aliyefariki Mei. Mbotela alitangaza mpira na pia alikuwa na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, akizungumzia tabia za watu mitaani. Charles Hilary alitangaza mpira, akasoma habari na kupiga muziki wa dansi. Watu wale walikuwa na maisha mapana, na msikilizaji aliwafuata kwenye upana huo. Baada ya mechi ulikuja muziki, na mtu wa Simba na mtu wa Yanga wakahamia ubishi wa bendi za Msondo na Sikinde, tena kwa moto uleule. Shabiki wa zamani alikuwa na mapenzi mengi, na kila penzi lilikuwa na saa yake.

Mengine hayajafa. Ukipita mitaa ya Ngamiani baada ya sala ya alasiri utakuta baraza yenye watu wamezunguka ubao wa bao. Muuza kahawa ameketi pembeni na birika lake juu ya mkaa, kashata zimepangwa kwenye sinia. Ubao una safu nne za mashimo manane, kete 64 za komwe zilizong'aa kwa kushikwa. Kila mchezaji anaanza na kete sita ndani ya nyumba, shimo lake kuu, mbili kwenye kila shimo kati ya mashimo mawili yaliyo jirani, na 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua, ukiingiza kete moja moja toka mkononi, na hapo ndipo mchezo wote unapoamuliwa, ingawa mgeni huona hakuna kinachotokea.

Kuna mzee mmoja pale, mtu wa African Sports tangu ujana wake, kwa hiyo mtani wangu wa damu. Mkono wake hautulii: anaokota kete, anazimwaga shimo kwa shimo bila kuzitazama, huku anazungumza mambo ya bei ya sukari. Kete ya mwisho ikidondoka inadondokea palepale alipotaka. Niliwahi kumwuliza anahesabu saa ngapi. Akanijibu, "Mgosi, ukihesabu wakati kete ziko mkononi umeshachelewa. Hesabu mwenzio anapocheza." Nimekaa naye nikitazama, na nakiri kwamba akili ya mtu yule ikiwa juu ya ubao ni kitu cha kuheshimiwa kama mguu wa kiungo yeyote bora wa ligi yetu. Mwalimu Nyerere alipenda bao, na alilicheza na wazee wenzake kijijini Butiama. Alikuwa kiongozi wa nchi, na alipata nafasi ya kukaa na kucheza.

Bao lina sifa ambayo mpira wa kwenye skrini umeipoteza. Linaisha, na likiisha wachezaji wanatazamana. Huwezi kucheza bao na mtu usiyemjua jina bila kulijua jina lake kufikia magharibi. Drafti ni hivyohivyo, na karata pia, hasa zile zinazochezwa na wanawake wa mtaa wetu jioni za Jumapili kwa kelele zinazosikika barabara ya tatu. Serikali yenyewe inalijua hili, maana katika michezo ya SHIMIWI, inayowakutanisha watumishi wa wizara na mikoa, bao, karata, drafti na kuvuta kamba vina medali zake pamoja na mpira wa miguu na netiboli. Kama karani wa wizara anaweza kupewa ruhusa rasmi akaichezee wizara yake bao, sioni kwa nini klabu zetu kubwa, zenye matawi kila kata, zisiwe na mashindano ya bao na drafti ya matawi. Tawi la Simba likutane na tawi la Yanga barazani, mzee kwa mzee, binti kwa binti. Utani upo tayari, na gharama ni ubao mmoja.

Na tucheze wenyewe. Watoto wa chandimu bado wapo, na mpira wa makaratasi na kamba bado unafungwa kwa ustadi uleule, lakini viwanja vinaliwa na maduka mwaka hadi mwaka. Wazee wa veterani wanaokutana Jumapili asubuhi kwa bonanza, matumbo mbele, wanafanya jambo jema kuliko wengi wetu tunaolala mchana baada ya kukesha na UEFA. Wasichana wangu wanacheza rede na mdako uani, na nikiwa nyumbani huitwa kuwa mwamuzi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya mwamuzi wa ligi, kwani hakuna anayekubali kwamba ameguswa na mpira.

Kuhusu likizo, sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, sikukuu zinazoangukia ndani yake zikihesabiwa humo. Wengi tunazitumia kujenga, kuuguza, au kuhudhuria misiba na harusi. Wachagga hupanda kwao Desemba, na wanapofika ndipo ukoo unapokuwa ukoo. Wengine wetu hatujazoea kwenda mahali kwa ajili ya kupaona tu, na neno utalii tumewaachia wageni wenye kamera. Nchi hii mimi nimeijua kwa sababu ya mpira, na hili nalisema kwa shukrani. Bila Kagera Sugar nisingeujua Uwanja wa Kaitaba wala ziwa lililo jirani yake, na nisingejua kwamba Bukoba msimu wa senene una heshima ya sikukuu. Bila Namungo ni watu wangapi wa kaskazini wangefika Ruangwa?

Katika hili Shirikisho la Soka, TFF, lilikuwa limebuni jambo zuri. Fainali ya Kombe la Shirikisho ilipelekwa Sumbawanga mwaka 2020, Kigoma 2021, Arusha 2022 na Tanga 2023. Ile ya Kigoma, tarehe 25 Julai 2021, ilikuwa ya Simba na Yanga wenyewe. Mechi ambayo Dar es Salaam huiona kuwa mali yake ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1-0. Watu waliovuka nchi kwenda kule waliliona ziwa, wakala migebuka, wakafika Ujiji, wakarudi na hadithi ambazo hazikuwa za mpira peke yake.

Ya Arusha ilikuwa yetu. Tarehe 2 Julai 2022 Coastal Union walikutana na Yanga kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tulitoka Tanga na familia, tukanunua machungwa Muheza, tukapita Segera na Korogwe, tukanyoosha miguu Mombo chini ya milima ya Usambara, na kuanzia Same watoto wakaanza kubishana nani atauona mlima Kilimanjaro kwanza. Ulijificha kwenye mawingu mpaka Himo. Uwanjani Abdul Suleiman, yule Sopu, alifunga mabao matatu peke yake, na mechi ikaisha 3-3. Tukafungwa kwa penalti. Nililia, mama watoto akalia, na mwanangu mdogo ambaye hakuelewa penalti ni nini akalia kwa kutuona sisi. Kesho yake tulikwenda kwa shangazi yangu Usa River, akatupikia ndizi, tukazunguka mashamba ya kahawa, na jioni tulikuwa tunacheka. Mechi ilikuwa na siku yake, siku iliyofuata ikawa ya shangazi. Ndivyo ninavyotaka mpira uwe.

Miaka ya 2024 na 2025 fainali hiyo ilichezwa Zanzibar mara zote mbili. Amaan ni uwanja mzuri na Wazanzibari wanastahili, lakini Songea inasubiri, Tabora inasubiri, Mtwara inasubiri. Irudishwe kuzunguka, na mji utakaoipata ujulikane kabla msimu haujaanza, ili mtu apange likizo yake mapema.

Kuna jambo la saa pia. Mechi ya saa 10 alasiri ni mechi ya familia. Mama anaweza kuja na watoto, wakarudi na daladala magharibi, watoto wakaoga na kulala kwa ajili ya shule. Mechi ya saa 3 usiku ni ya wanaume wenye pikipiki au wanaokaa karibu. Tunauliza kwa nini wanawake ni wachache kwenye viwanja vya mikoani, na jibu moja limeandikwa kwenye ratiba. Jua la Tanga ni kali, najua, ila saa 10 upepo wa bahari unakuwa umeshaanza, na kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani nusu ya jukwaa kuu iko kivulini.

AFCON ya mwaka 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Uwanja mpya unajengwa Arusha, na barabara, hoteli na viwanja vya ndege vimeshazungumzwa sana. Ile iliyochezwa Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025 ikaenda hadi 18 Januari 2026. Taifa Stars ikapangiwa Uganda tarehe 27 Desemba, siku ambayo nusu ya nchi ilikuwa kwa wazazi vijijini. Hatukuwa na kauli juu ya tarehe hizo. Zamu yetu ikifika tutakuwa wenyeji, na mwenyeji ana kauli. Shule zipangwe kufunga wakati huo. Treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inakwenda Morogoro na Dodoma, iwe na safari za usiku baada ya mechi. Mgeni wa kutoka Lusaka au Kinshasa akija kwa mechi mbili apewe sababu ya kubaki juma zima: aende Pangani, apande jahazi, aone mapango ya Amboni, akae barazani kwetu na kikombe cha kahawa atazame watu wanavyonamua.

Kwa Bodi ya Ligi ombi langu ni dogo. Mechi ya Kariakoo, ile ya Simba na Yanga, ipewe tarehe mbili za kudumu kila msimu, zitangazwe kabla tiketi ya kwanza ya msimu haijauzwa, na iwepo adhabu kali kwa yeyote atakayesababisha zivunjwe, awe klabu au awe ofisi. Chagueni sikukuu mbili mnazozitaka. Ikianguka Muungano, Aprili 26, nani atalalamika? Kwa klabu zetu: kila tarehe mnayoihamisha, kumbukeni aliyeomba ruhusa.

Na wewe shabiki mwenzangu, wa timu yoyote, chagua timu moja uipende, utazame mechi zake, uzililie na kuzishangilia. Zile nyingine waachie wenyewe. Juma hili tafuta siku moja ambayo hutafungua skrini ya mpira kabisa, uende baharini, au ziwani, au kwa mama yako, au kwenye baraza iliyo karibu nawe. Sisi wa Ngamiani tunaanza baada ya alasiri, na ubao upo.